Fundi yule hakuharibu injini yangu

Injini ya Forester yangu niliiharibu mwenyewe, nikawaacha watu waamini kwamba ni fundi. Hakuwa yeye.

Gari ni la 2004, lina injini ya EJ20 yenye tabo, na nililinunua likiwa tayari limetembea sana. Nikataka nguvu zaidi. Kwenye tabo kuna kilango kinachoitwa westigeti. Presha ikifika kiwango, hewa inayopitia paipu nyembamba hukisukuma kikafunguka, na moshi unaozungusha tabo ukapunguzwa. Nilifunga vali ndogo kwenye paipu ile ivujishe hewa, kilango kichelewe kufunguka. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na gari likawa jingine kabisa.

Fundi alikuwa ameniambia, "Bro, kwanza tupime kompreshani, tubadilishe plagi, tuangalie pampu ya mafuta, tufunge geji ya presha na ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli. Ndipo tupandishe, kidogo kidogo." Nikadhani anatafuta pesa. Nilifunga geji ya presha peke yake.

Haukupita muda, gari likaanza kukata ghafla kila nilipokanyaga mafuta hadi mwisho, kisha linashika tena. Ile ilikuwa kompyuta inazuia petroli makusudi kwa sababu hewa imezidi. Vali ile wengi huanza nayo, na ningeweza kuitoa nikarudi nyuma. Kosa langu hasa ni kwamba gari liliponikataza, nilinunua kifaa cha kuificha presha ili kompyuta isiione. Nilikifunga usiku nyumbani, fundi asijue.

Nairobi gari likavumilia. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Geji husoma kile tu ambacho tabo imeongeza juu ya hewa ya mahali ulipo, kwa hiyo bar 1 ikisomeka Mombasa, injini inabanwa kwa karibu asilimia 10 zaidi ya bar 1 ya Nairobi. Hilo sikulifikiria niliposhuka Pwani. Baada ya Mtito Andei joto lilikuwa kali, na intakula ya gari hili imekaa juu ya injini, inapigwa na moto wake. Petroli niliyojaza haikuwa na oktani ya ile ya Japani ambayo injini ya aina hii ilitengenezewa. Nikiyapita malori nilisikia mlio wa kokoto ndani ya mkebe. Nilipandisha vioo, nikaongeza sauti ya redio.

Injini ikaharibika. Fundi alipoitoa pistoni, ukingo mwembamba kati ya ringi mbili ulikuwa umemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha, na ukuta wa silinda umekwaruzika. Akaniuliza, "Kuna kitu uliongeza?" Nikasema hapana. Kifaa nilikuwa nimeshakitoa. Kisha nikawaambia wenzangu kwamba alifanya sevisi vibaya, na baadhi yao wakaacha kumpelekea magari.

Nimekwenda gerejini kwake na kifaa kile mkononi, nikamweleza yote. Wale niliowadanganya nimewapigia simu mmoja mmoja. Wengine hawakupokea, na ndiyo maana naandika.