Barua kwa Mjukuu Anayetaka Kusafiri Ziwani Wakati wa Mwera

Makwale, Kyela
Mwezi wa Juni

Mjukuu wangu mpenzi,

Sisi huku tu wazima: bibi yako goti limempa nafuu, mpunga wa bondeni umekwisha kuvunwa, na mdogo wako amerudi shule. Hayo yatosha. Kilichonishikisha kalamu ni habari niliyoipata kwa wachuuzi wa vyungu watokao Matema, ya kwamba wewe na wale wageni wako wa Ulaya mmeazimu kwenda Nkhata Bay kwa boti ya mashine, na kwamba siku mliyoichagua imo ndani ya mwezi wa Julai. Ikiwa ni uvumi, ukanushe kwa maandishi. Ikiwa ni kweli, isome barua hii mpaka mwisho kabla hujatia mafuta katika tangi.

Boti yenyewe sitaki kuizungumzia, kwa maana ilinunuliwa kwa fedha ya shamba la kakao ambalo baba yako aliliuza bila kuniuliza, hali miti ile niliipanda mimi kabla yeye hajaota meno. Lakini hilo nimekwisha lisamehe. Ninalolizungumzia ni upepo. Nilisomesha jiografia kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu wengine leo ni wakubwa serikalini, nao wote niliwafundisha kwamba ukubwa wa wimbi hutokana na mambo matatu, nayo ni nguvu ya upepo, muda wa kuvuma kwake, na urefu wa maji uliyoyapitia bila kizuizi. Sasa litazame ziwa letu katika ramani: limelala kusini kwa kaskazini kwa zaidi ya kilomita 550, na mwera, yaani upepo wa kusini uvumao tangu Mei hata Agosti, hulifuata kwa urefu wake wote, na sisi wa Kyela tumekaa ncha ya mwisho, ambako kila wimbi hufika limekwisha kukua. Toka Matema hata Nkhata Bay ni zaidi ya kilomita 200 kwenda kusini, maana yake mtasafiri uso kwa uso na mwera mwanzo hata mwisho, na upande wenu wa kushoto mtakuwa na Milima ya Livingstone iliyotumbukia majini wima, yenye mahali pachache pa kutia boti pindi hali ichafukapo.

Usiniambie kwamba boti yako ni imara. Marehemu baba yangu alikuwa akiuza mchele bandarini Mwaya mwaka 1946, ilipozama Vipya, meli mpya ya chuma, tarehe 30 Julai, upande wa Malawi karibu na Chilumba, mwezi ule ule ulioupenda wewe. Mwera ulikuwa umeshika, mawimbi yakipanda sitahani, na inasimuliwa kwamba milango ya ngama haikufungwa sawasawa, na kwamba nahodha alishikilia kuendelea na safari badala ya kujisitiri ghubani. Maji yakaingia ngamani, meli ikalala ubavu, na watu 145 wakafa, wengi wao wakiwa wamejifungia ndani wakikimbia upepo na baridi. Baba alisema habari ilipofika Mwaya, watu wa pwani walikataa kula samaki kwa muda mrefu, hata usipa ukaozea juu ya majamvi, na akina mama wenye jamaa upande wa Karonga wakawa wanashinda ufuoni bila kusema neno. Alisema pia kwamba alikuwapo mfanyabiashara mmoja aliyelilia marobota yake ya nguo kabla hajauliza habari za watu. Jina lake sikutajii, ila ukoo wake ndio ule uliosogeza mpaka wa shamba letu kule bondeni. Kila mwera ulipoanza, baba aliturudia kisa hiki, nasi watoto tulichoka kukisikia, kama unavyochoka wewe sasa.

Na habari za MV Bukoba ulizisoma mwenyewe: ilipopinduka ikikaribia Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ilibaki ikielea tumbo juu kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani, na waokoaji walipolitoboa lile tumbo ili wawatoe waliokuwa wakigonga, hewa ikatoka na meli ikadidimia pamoja nao. Chombo hakingoji mtu ajitayarishe ndipo kipinduke, kwa hiyo jaketi okozi huvaliwa mtu angali nchi kavu, na kamba zake hufungwa. Halikaliwi kama mto.

Wageni wako watataka kuoga ziwani, nao wataona maji maangavu wadhani ni salama. Waeleze habari za kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, kwa dakika chache tu. Theodor Bilharz, tabibu wa Kijerumani, aliwatambua minyoo wauletao ugonjwa huo mjini Cairo mwaka 1851, na baadaye mayai yao yakakutwa katika maiti za Wamisri wa kale zilizokaushwa yapata miaka 3,000 iliyopita; basi wasije wakadhani ni uchafu wa Kyela. Wajiepushe na kingo zenye majani na maji yaliyotuama. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo waliokomaa, kwa hiyo haifai kumezwa jioni ya siku ile ile ya kuoga. Wapimwe wiki sita hadi nane baadaye.

Chandarua walale nacho, na homa ikiwashika baada ya kurejea kwao, wamtajie daktari kwamba walikuwa Afrika, kwa sababu huko malaria husahaulika upesi. Maji yachemshwe. Vyeti vya chanjo visifungiwe chini ya mizigo.

Wakiona kitu kama moshi mweusi kimesimama juu ya ziwa, hakuna chombo kinachoungua. Ni kungu, wadudu wadogo wazaliwao majini kwa mamilioni, na jirani zetu wa Malawi huwakamata wakawafanya mikate. Livingstone naye aliwaona, akaionja mikate yao. Na wakipita vijijini kwetu, wasimpige picha mwanamke ajifichaye kando ya njia baba mkwe wake apitapo, maana hiyo ni heshima ya Kinyakyusa wala si woga, na picha ya namna hiyo ni fedheha kwa nyumba mbili.

Lakini narudi palepale. Njia ya barabara ipo: mvuke mto Songwe pale Kasumulu, mshike Karonga, kisha Mzuzu, kisha mteremke Nkhata Bay, na ziwa mtaliona dirishani katika sehemu ya safari. Pale forodhani usijitie kujadili mpaka wa ziwa. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 umewashinda marais, nawe una wageni wanaongoja muhuri. Nasikia wageni wamekwisha kukulipa fedha ya boti. Warudishie iliyozidi nauli ya basi. Najua utasema umekwisha kuitumia, kama baba yako alivyosema habari ya kakao. Basi niandikie kiasi chake, nitauza magunia mawili ya mpunga.

Mletaji wa barua hii atalala kwako usiku mmoja. Nauli nimemlipa, wewe mpe chakula. Asubuhi mkabidhi jibu lako, nalo litaje siku mtakayoondoka na njia mtakayoshika. Na lile tangi la mafuta, lifungue umpe aje nalo huku Makwale.

Ni mimi babu yako