Kopo la mama na chupa za mjini

Je, mpenzi msomaji, ni mara ngapi umemwona mama akimrudisha mtoto kutoka mlangoni asiende shule kabla hajapakwa mafuta usoni? Hapa Nakuru jambo hilo halina mzaha. Inasemekana kwamba jina la mji wetu lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na yeyote aliyepita hapa mwezi wa Januari, upepo ukivuma, hana haja ya kuuliza sababu. Mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ikweta iko karibu, pale Mogotio. Alfajiri baridi huuma, mchana jua huchoma, na mtoto aliyepauka uso hudhaniwa kuwa hana mwenyewe.

Mimi nililelewa upande wa Molo, kwenye ukungu na ng'ombe wa maziwa. Nyumbani kwetu hapakuwa na mafuta ya uso, ya mikono na ya miguu. Palikuwa na kopo moja tu la mafuta ya kukamulia, yale ambayo Wakenya wengi huyaita Arimis kwa jina la kibiashara. Alfajiri mama aliyachota akapaka chuchu za ng'ombe zisipasuke. Sisi tulipomaliza kuoga, alinawa mikono, akayachota tena akatupaka. Hatukuona ajabu, na hadi leo utayakuta mafuta hayo katika nyumba za watu wa mjini ambao hawajawahi kumiliki hata ndama.

Tena hatukuwa wa kwanza kujipaka mafuta. Wakikuyu walikamua mbegu za mbarika, Wamaasai walichanganya mafuta ya wanyama na udongo mwekundu, nao ndugu zetu wa pwani wakatumia nazi. Kisha yakaja mafuta ya mgando ya dukani, ambayo Mmarekani Robert Chesebrough alipata hakimiliki ya kuyatengeneza mwaka wa 1872, na ambayo sote twayajua kwa jina la Vaseline.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mpwa wangu, msichana wa miaka 20 anayesoma katika chuo kimoja hapa mjini, anaishi nami mtaani Langa Langa. Jumamosi moja alipanga vichupa vitano mezani: mafuta ya avokado, ya alizeti, ya waridi na mengine ambayo majina yake sikuweza kuyatamka. Sikumlaumu. Kijana ana haki ya kujipenda. Kilichonishtua ni kichupa cha tano, ambacho hakikuwa na karatasi yoyote ya maelezo.

"Hayo ni ya kuchanganya, Anti," akaniambia. "Muuzaji amesema baada ya wiki mbili uso utatakata."

Uso haukutakata. Ulianza kumchonyota kila alipotoka juani, kisha ngozi ikabambuka, na mashavuni yakabaki mabaka meusi kuliko rangi yake ya awali. Kwa majuma mengi alikwenda darasani amejifunika leso hadi puani. Daktari wa ngozi aliyemwona alimwamuru aache kila kitu, akamweleza kwamba mabaka ya namna hiyo huweza kuchukua miezi mingi kufifia, na pengine yasiishe kabisa.

La kusikitisha ni kwamba hatari hii haikuanza jana. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni tangu mwaka wa 1998. Zebaki hupenya ngozini na kuharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa kiholela huweza kuacha weusi usiotoka. Wengine hutia dawa za steroidi, ambazo hufanya ngozi kuwa nyembamba. Hata hivyo vichupa hivyo bado huuzwa, na wanunuzi wengi ni watoto wetu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi mafuta ya uso hufanya kazi gani hasa? Ngozi ya juu ni kama ukuta wa matofali, na udongo unaoyashikanisha ni mafuta ya mwili wenyewe. Hewa kavu na sabuni kali huuondoa udongo huo, maji yakatoroka, nawe ukapauka. Mafuta unayopaka hayaongezi maji. Huyazuia tu yaliyomo yasitoroke. Ndiyo maana kuyapaka kwenye uso mkavu ni kazi bure.

Nawa kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Pangusa uso polepole, uuache na unyevu. Ukitumia krimu, itangulie. Kisha weka matone mawili au matatu kiganjani, sugua viganja, na ubonyeze usoni taratibu. Yatosha.

Mwenye chunusi aepuke mafuta ya nazi, kwani huweza kuziba vinyweleo. Ya alizeti ni mepesi zaidi. Yale mazito, kama ya kukamulia, ni rafiki wa visigino na viganja vilivyopasuka, lakini kopo la zizini lisiwe ndilo la nyumbani. Mafuta mapya yajaribu kwanza ndani ya kiwiko kwa siku moja au mbili. Na usidanganyike kwamba mafuta hukinga jua. Kazi hiyo ni ya kofia na krimu maalum ya kukinga jua, hasa kwa ndugu zetu wenye ualbino.

Mpwa wangu sasa anatumia mafuta ya alizeti peke yake, na leso ameiweka kando ingawa mabaka hayajaisha. Nawe mzazi, usingoje mwanao ajifunike leso ndipo uulize. Ingia chumbani mwake leo, mketi pamoja, msome maandishi ya kila kichupa. Kisicho na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo, kitoeni nyumbani. Na mwanao akitaka kujua kama rangi yake inapendeza, hakikisha jibu amelisikia kwako kabla hajaambiwa na muuza mafuta.