Fildi ya Kilwa na dodoso la kurasa nne

Wadau, nimepotea humu wiki kama tatu hivi. Sababu ni fildi, na fildi yenyewe ilikuwa Kilwa, kwa hiyo mliokuwa mnanitafuta kwenye simu mtanisamehe. Kule mtandao una sehemu yake ya kusimama.

Kazi tuliyopewa ilionekana nyepesi: kutathmini mahitaji ya mafunzo ya wasimamizi wa huduma za afya, ili wakija kufundishwa kwa njia ya masafa ijulikane wafundishwe nini. Ukisikia wasimamizi usifikirie watu wa tai na kiyoyozi. Wengi tuliokutana nao ni wafawidhi wa zahanati. Na hapo ndo penye mambo, maana tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, haziishii tena halmashauri. Mimi naona ni jambo zuri. Ila maana yake, mtu aliyesomea kutibu malaria na kuzalisha anatakiwa apange bajeti, anunue vitu kwa taratibu za manunuzi, aingize kila shilingi kwenye FFARS, aielezee kamati ya kituo, halafu jioni ajaze vitabu vya MTUHA. Zahanati nilizofika mimi, ukiuliza mhasibu yuko wapi unaonyeshwa yeye huyohuyo.

Dodoso letu lilifuata mtindo wa Hennessy na Hicks, wa Uingereza, miaka ya 1990. La kwao lina vipengele 30. Kila kazi unaipa alama mara mbili, 1 mpaka 7: ina umuhimu gani, na wewe unaifanya vizuri kiasi gani. Pengo kati ya alama hizo ndo hitaji lako la mafunzo. Darasani tulilipenda, hesabu yake haimpi mtu supu.

Zahanati ya kwanza (jina nalihifadhi) mfawidhi ni mama muuguzi, mtu mzima. Akazitazama zile safu mbili, akavua miwani.

"Mwanangu, hii karatasi anaisoma nani?"

Nikamwambia ni ya chuo tu, mama, haina sehemu ya jina.

"Haina jina, lakini mfawidhi hapa si ni mmoja?"

Akajipa 7 kila mahali. Pengo sifuri. Kwa mujibu wa dodoso, yule mama hana cha kufundishwa.

Zahanati ya pili, kaka mmoja tabibu akafanya kinyume: umuhimu 7, utendaji 1, ukurasa mzima. "Si mnaleta semina, mdogo wangu? Semina ina posho." Nilipomwambia haya ni mafunzo ya masafa, unasomea hapohapo kituoni, akaomba karatasi arekebishe. Tulicheka wote. Lakini tuseme ukweli, hakuna aliyefanya ubaya pale. Mmoja analinda kazi yake, mwingine anatafuta ada ya mtoto. Ukimuuliza mtu anachohitaji, anajibu kulingana na anachodhani utamfanyia na jibu lake.

Baada ya hapo msimamizi wetu alituruhusu tugeuze swali. Tukawa tunasema: tuonyeshe kazi iliyokukwamisha mwezi uliopita. Tukarudi kwa mama. Safari hii hakuuliza nani anasoma, akaenda kabatini akatoa faili. Taarifa yake ya matumizi ilirudishwa mara mbili kwa sababu ya kifungu cha bajeti kilichokosewa. Hela ya kituo ipo benki, ila hajui namna ya kuhamisha fungu, kwa hiyo gesi ya friji ya chanjo kanunua kwa mshahara wake. Yaani chanjo za watoto wa vijiji vitatu zimesimama kwenye pochi ya mama mmoja! Hilo ni somo la saa moja, na ni hitaji la mafunzo kweli kweli. Jambo la pili alilotaja, kwamba kompyuta haina chaji siku za mawingu, hilo hata umpe shahada halitibiki.

Niliporudi nikasoma habari za jirani zao wa Rufiji. Mradi wa TEHIP, miaka ya 1990 mwishoni, ulianza kwa kuwawekea timu za wilaya picha mbili: watu wanakufa kwa nini, na hela inakwenda wapi. Zikaonekana haziendani. Wakafundishwa kupanga kwa kutumia hizo picha, na hela iliyoongezwa haikuwa nyingi. Kufikia 2003 vifo vya watoto Rufiji vilikuwa vimeshuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka mitano. Si kwa mafunzo peke yake, vyandarua na namna mpya ya kutibu watoto vilikuwemo. Ila hawakuanza kwa kumuuliza mtu ajipe alama.

Na masafa kwa Kilwa hayana ubishi. Mfawidhi akiitwa semina Masoko siku tano, zahanati inabaki na mhudumu. Wa Songosongo anavuka bahari kwanza. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika maeneo ya Somanga, Lindi na Mtwara zikakaa siku kadhaa bila basi la Dar. Ila msiwapelekee video, jamani. Wapeni kijitabu chembamba, na namba ya mtu anayepokea simu usiku, maana mchana wana foleni ya wagonjwa. Na posho ile ikiondoka, basi cheti kihesabiwe kwenye kupanda daraja, la sivyo kijitabu kitafungia maandazi.

Ripoti naikusanya Ijumaa. Jedwali la mapengo nimeliweka kwa sababu lina alama zake. Nyuma yake nimebandika kurasa mbili za kazi zilizokwama, moja moja, kama walivyozisema. Dokta akizikata nitawaambia. Picha za Kisiwani zinakuja, bumu likiingia tu.