Fundi wa Sauti za Safari

Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Sisi wa Unyanyembe twaiheshimu kauli hiyo, lakini hatukubali imhukumu kila mtu. Mtazame, ndugu msomaji, kijana wa Tabora anayeunda spika za gari kwa mapenzi tu, baada ya kazi za mchana. Akiranda ubao ni seremala. Akiunga nyaya ni fundi wa umeme. Akifunika sanduku kwa kitambaa ni mshonaji. Akitega sikio ni mwanamuziki. Ajua kwamba sauti itokayo nyuma ya spika, isipozuiwa, huimeza sauti nzito ya mbele. Ndiyo maana huziba kila ufa wa sanduku. Kazi ni nne, lengo ni moja: wimbo usikike.

Jambo hili si geni katika njia yetu. Katika karne ya 19, misafara ya Wanyamwezi ilipoelekea Bagamoyo, kirangozi alitangulia, ngoma ikalia, na wapagazi wakaimba chini ya mizigo ya pembe. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara ya miguu ilififia, lakini haja ya wimbo safarini ilibaki. Mji uliolea Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz utamwitaje kijana huyu mpoteza wakati?

Leo spika zilizo tayari zanunuliwa dukani. Tukinyamaza, maarifa haya yatazikwa pamoja na wenyewe. Vyuo vyetu vya ufundi na vimfungulie mlango, si awe mwanafunzi tu, bali afundishe.