Laini Moja, Vitanda Sita

Kuna kifaa kidogo, kisichozidi ukubwa wa kiganja, ambacho kimependwa sana na abiria wa meli kubwa za starehe zinazozunguka visiwa vya Karibi na bahari ya Mediterania. Ni ruta ya safari. Sababu ya kupendwa kwake ni ya kibiashara. Katika nyingi ya meli hizo intaneti huuzwa kwa kuhesabu vifaa: anayelipia kifaa kimoja huunganisha simu yake tu, na mwenziwe aliye kitanda cha pili hulipia cha kwake. Abiria mwerevu huiingiza ruta mtandaoni kama kifaa kimoja, kisha ruta hiyo huwagawia wote walio katika chumba. Kila kifaa kilicho nyuma yake hupewa anwani ya ndani, na ruta huyapeleka maombi ya wote nje kwa anwani yake moja. Meli huona mteja mmoja; chumbani wamo wanne.

Msaidizi wa ruta hiyo ni kijiti cha runinga, kile kinachochomekwa nyuma ya televisheni ili filamu na mechi zitoke mtandaoni. Kijiti hiki kikiwa ugenini hukwama, kwa kuwa mitandao ya meli na hoteli humtaka mgeni afungue kwanza ukurasa wa kujitambulisha, nacho mara nyingi hakina namna nzuri ya kuufungua. Ruta hujitambulisha kwa niaba yake. Kijiti huliona jina la mtandao kililolizoea nyumbani, na hakijui kwamba kimesafiri. Haishangazi kwamba baadhi ya kampuni za meli zimeiweka ruta katika orodha ya vitu ambavyo abiria haruhusiwi kupanda navyo.

Ndugu msomaji, sijawahi kupanda meli ya namna hiyo. Ninavyo vifaa hivyo viwili, na chumba ninachovitumia ni cha behewa la kulala, katika treni itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Humo nimejifunza kwamba swali linalowasumbua wenye meli linatuhusu sisi pia, tena kwa uzito mkubwa zaidi: mtumiaji mmoja ni nani?

Mimi ni mtu wa Kahe. Wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya stesheni yake, pale reli inapogawanyika: mkono mmoja unakwenda Moshi, na mwingine unaelekea Taveta na Voi. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Tawi la Voi lilijengwa na Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, ili kulisafirishia jeshi lao askari na shehena, na mapigano ya Kahe ya Machi 1916 yalipiganwa katika tambarare hiyo hiyo tunayolima. Tulikulia kando ya reli ambayo, kwa miaka ipatayo ishirini na mitano, haikupitisha treni ya abiria. Treni ya abiria iliporejea Moshi Desemba 2019, na kufika Arusha Oktoba 2020, wapo wazee waliokwenda kuitazama tu.

Chumba cha daraja la pili kulala kina vitanda sita. Katika safari moja ya likizo tulikuwa abiria sita kamili, wanaume watupu kama ulivyo utaratibu. Nilikuwa nimeiwasha ruta yangu, ikitumia betri ya kubebea na laini ya simu iliyo ndani yake, ili nimalize kusahihisha kazi za wanafunzi. Kijana wa kitanda cha juu, aliyemaliza kidato cha sita mwaka ule, alikuwa akihangaika na simu yake kwa muda mrefu. Hatimaye alishuka.

"Shikamoo, mzee. Samahani, hiyo waifai ni ya treni?"

"Marahaba. Ni yangu. Una shida gani?"

Alikuwa na shida ya kweli. Alikuwa akiomba mkopo wa elimu ya juu, na usiku ule ndio ulikuwa wa mwisho. Nyaraka zote alikuwa nazo katika picha: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, fomu yenye mihuri. Alichokosa ni bando, na salio la kununulia bando. Nilimpa neno la siri. Kati ya Ruvu na Korogwe mawimbi huja na kupotea, kwa hiyo nyaraka zilipanda moja moja, na kila treni iliposimama tulipata nafasi ya kusukuma nyingine. Wenzetu waliacha mazungumzo yao, wakawa wanamuuliza, "Imekubali?" Ilipokubali ya mwisho, zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano kufika saa sita ya usiku. Chumba kizima kilishangilia kama watu waliofunga goli.

Baada ya hapo sikuweza kumnyima mwingine. Mfanyabiashara wa vitunguu akataka kuangalia ujumbe wa wateja wake, na fundi aliyekuwa akienda Arusha akataka kuzungumza na mkewe kwa video. Laini moja ikawa ya watu sita. Kijana wetu, moyo ukiwa umetulia, akauliza swali la pili: "Mzee, ruta hii ina VPN? X haifunguki."

Nikamjibu, "Uwezo huo inao, lakini sikuuwasha."

Inafaa nieleze kwa nini, hasa kwa wanafunzi wangu wanaodhani kwamba walimu wao ni majasiri kuliko walivyo. Tangu Mei 2025 mtandao wa X haufunguki nchini kwa njia ya kawaida. Maelezo yaliyotolewa na serikali ni kwamba unaruhusu maudhui ya ngono. VPN ni njia ya kupitisha mawasiliano ndani ya mfereji uliofungwa, ili mtoa huduma asione unakokwenda. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo likiwataka wanaotumia njia hiyo watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Adhabu iliyotajwa kwa atakayekiuka ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Ningeiwasha VPN katika ruta, ningekuwa nimewavisha wote sita kosa ambalo watano hawakulichagua.

Lakini hofu yangu ilikuwa na mzizi wa ndani zaidi. Laini iliyo katika ruta ile imesajiliwa kwa alama za vidole vyangu. Sote tunaikumbuka foleni ya usajili ulioanza Mei 2019, tukitafuta namba za NIDA, hadi laini zisizosajiliwa zilipoanza kuzimwa Januari 2020. Sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito: wizi wa mtandaoni, ujumbe wa matapeli, usalama. Sizibezi. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba kila neno litokalo katika laini lina mtu mmoja wa kuulizwa. Endapo mmoja wa wale watano angeandika usiku ule jambo la kumkera mkubwa, nje ya behewa ningeonekana mimi tu. Vidole vilivyoandika vingekuwa vyake, na vilivyosajiliwa vingekuwa vyangu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka hata mwenye mgahawa wa intaneti aweke kamera za kuwarekodi wateja wake. Je, mwenye ruta katika chumba cha vitanda sita naye ni mwenye mgahawa?

Hapa ndipo meli ya starehe na treni yetu zinapoachana. Mwenye meli akigundua ruta, anachopoteza ni ada, na abiria hupoteza kifaa chake. Kwetu, anayegawa laini yake huweka jina lake rehani. Sheria zetu zimeandikwa kana kwamba kila Mtanzania ana simu yake, laini yake, bando lake na chumba chake. Maisha yetu hayako hivyo. Simu ya mama hutumiwa na watoto kusomea, laini ya kaka hupokea fedha za ukoo mzima, na mwanafunzi mwenye kompyuta huwaombea wenzake wanne nafasi za kazi. Nyumbani Kahe hukichomeka kijiti changu katika runinga ya mama, na jioni sebule hujaa watoto wa majirani. Filamu ya ubora wa kawaida hula karibu gigabaiti 1 kwa saa, na ya ubora wa juu hufikia 3, kwa hiyo bando la wiki huisha kwa siku mbili. Hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza watoto wale wametazama kwa jina la nani.

Kulipopambazuka, treni ikiwa imeipita Same, mzee aliyelala kitanda cha chini mkabala nami aliniuliza ile ruta inafanyaje kazi. Nilimweleza kwa kadiri nilivyoweza. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe ni mfongo, mwanangu."

Kwa asiyejua, mfongo ni mfereji wa maji wa Wachagga. Wenyeji wa mlimani waliichimba mifongo kabla ya wakoloni kufika, wakiyatoa maji katika mito na kuyapitisha miteremkoni hadi katika mashamba ya migomba. Mfongo una wenyewe, ukoo uliouchimba, na una mzee wa kuusimamia. Maji hugawanywa kwa zamu, na asiyejitokeza siku ya kuukarabati hunyimwa zamu yake. Anayeyachafua maji huulizwa yeye, wala aliyechimba hashtakiwi kwa uchafu wa mwingine. Sisi wa Kahe tuko tambarare, chini kabisa ya mlima, na tunajua vizuri maana ya kutegemea walio juu. Hata mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ulikuja kupungukiwa na maji wakulima wa juu walipoongeza mashamba yao ya mpunga. Mgawanyo ukikosa utaratibu, wa chini hukauka.

Mzee yule alinionyesha jambo ambalo sheria imelipita. Jamii zetu zina uzoefu wa muda mrefu wa kutumia kwa pamoja kitu chenye mwenyewe, na kuutenganisha umiliki na hatia. Sheria ya laini imeviunganisha viwili hivyo.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, na siku kadhaa zikapita kabla haijarudi. Siku zile sote tulikuwa watu wa tambarare: aliyesajiliwa na asiyesajiliwa, mwenye ruta na asiye nayo. Usajili wetu wa vidole haukumpatia yeyote hata tone moja. Tuliambiwa tujitambulishe ili tuaminiwe. Tulijitambulisha, na hatukuaminiwa.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, wale wanaoziandika kanuni, ombi langu ni mahususi. Andikeni kwamba mwenye laini hatawajibika kwa tendo la aliyemgawia kwa nia njema, mpaka ithibitishwe kwamba alijua na alishiriki. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa mawasiliano, na uhuru huo utakuwa mwembamba sana ikiwa kumsaidia jirani kuwasiliana ni hatari. Kwa Shirika la Reli: waifai ya treni si anasa, kijana yule hakupaswa kutegemea bahati ya kulala chumba kimoja na mhadhiri. Kwa wanaharakati: tumepigania haki ya kusema, na tumefanya vyema, tupiganie pia haki ya kugawana.

Na kwa wanafunzi wangu: gawaneni, lakini kwa utaratibu wa mfongo. Jueni ni nani yuko katika zamu, badilisheni neno la siri safari inapokwisha, na msiyachafue maji ya mwenzenu. Nitaendelea kusafiri na ruta yangu, na nitaendelea kuligawa neno lake la siri. Ninafanya hivyo nikijua jina langu ndilo linalosafiri nalo, na sioni kwa nini raia alazimike kuwa na ujasiri ili tu amsaidie mtoto wa mwenziwe kuomba mkopo.