Tungule za Mama Katika Baridi ya Nyeri



Kina mama wenzetu wa pwani, kila tukionana nao harusini au matangani, hutuuliza twaishi vipi huku Nyeri bila ya nazi ya kukuna kila siku na bila ya samaki wa alfajiri. Twaishi, alhamdulillahi. Kilichotutaabisha kuliko nazi na samaki ni tungule, na kisa chake ndicho tulichokusudia kukieleza wiki hii.

Sisi ni dada wawili, wazaliwa wa Kibokoni, Mombasa. Mmoja wetu aliletwa huku na kazi ya mumewe, na mwingine akafuata kwa kazi ya ualimu. Nyumba yetu iko upande wa Ruring'u, na nyuma yake pana kipande cha udongo mwekundu kisichozidi upana wa sebule mbili. Mji wa Nyeri uko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Kwa aliyezoea joto la Mombasa, hapa hata sakafu ya jikoni huuma nyayo.

Mama yetu alikuja Aprili 2024, alipomaliza eda ya baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakuwa na hamu ya kuja. Sisi ndio tuliomshikilia. Katika mkoba wake alitia karatasi ya gazeti iliyokunjwa mara nne, na juu yake zimekaukia mbegu za tungule za uani kwake: vitungule vidogo, vyenye mikunjo karibu na kikonyo, vikali ulimini. Siku nyingi za mwanzo alikaa dirishani na shali mabegani, akila vijiko viwili vitatu na kusukuma sahani. Jikoni hakuingia kabisa, yeye ambaye mtaa mzima ulimjua kwa biriani yake. Watoto walipomweleza kwamba huku tungule huitwa nyanya, na kwamba wenzao shuleni humwita bibi pia nyanya, akajibu kuwa yeye hatakubali kukatwakatwa kwenye kachumbari. Ndio mzaha wa kwanza tuliousikia kwake tangu msiba.

Basi tukasema, tulime. Mwezi wa Mei tulipanda aina nne. Tatu tulizinunua mbegu zake dukani: Cal J, Rio Grande na Money Maker. Ya nne ilikuwa ya Mama, nasi kwa kusema kweli tuliipa pembe mbovu kabisa, kando ya ukuta, kwa kuwa tulidhani tunamridhisha tu mtu mzima.

Cal J ni mti mfupi wa kichaka. Hufika kimo chake ukasita, kisha ukazaa karibu mara moja. Tunda lake ni gumu, lina ngozi nene, na kwa hiyo wachuuzi hulipenda, maana halipondeki kwenye sanduku. Rio Grande nao hauendi juu sana, na tunda lake ni refu kidogo, lenye nyama nyingi na maji machache. Money Maker, mbegu ya zamani ya Kiingereza, haujui kusita: hupanda na kupanda, wataka kuegemezwa kwa miti na kupunguzwa machipukizi ya kwapani kila wiki, na tunda lake ni la mviringo, laini, lenye maji.

Ukaja mwezi wa Julai. Asiyewahi kuishi chini ya Mlima Kenya hawezi kuujua Julai wa huku. Jua hupotea siku nyingi mfululizo, ukungu hulala juu ya mabati mpaka adhuhuri, na manyunyu hayaishi wala hayawi mvua. Maua yakaanza kudondoka. Kisha majani yakatoka mabaka meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na upande wa chini pakaota uvungu mweupe. Ni maradhi ya bakajani, na kwa muda wa wiki moja bustani ilikuwa kama iliyopitiwa na moto. Jirani yetu, mama mmoja wa Kikikuyu ambaye amelima maisha yake yote, alichungulia uani akasikitika. Akatuonyesha kosa letu: tulipanda tungule bega kwa bega na viazi vyake, na viazi na tungule ni ndugu, maradhi haya huwashika wote wawili. Tena tulikuwa tukimwagilia maji juu ya majani, jioni, kama tunaoosha watoto.

Siku ile tuliazimia kung'oa kila kitu. Tulianzia pembe ya Mama, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Akatoka na shali lake, akatuzuia mikono.

"Wanangu, mwang'oa kilicho hai?"

Miti yake ilikuwa imeugua kama mingine, hatusemi kwamba ilikuwa na kinga. Lakini matunda yake, kwa udogo wake, yalikuwa yamewahi kukomaa, na kiasi cha viganja viwili yalikwisha kuwa mekundu. Akayachuma. Kisha akapita kwenye safu zetu, akichagua tungule mbichi zisizo na doa hata moja, akazitia kwenye upindo wa kanga. Jioni ile aliingia jikoni mwenyewe, akauliza siki iko wapi na pilipili iko wapi, akapika achari ya tungule mbichi. Sisi tulisimama mlangoni kama wageni. Hakuna aliyethubutu kusema neno, tukichelea asije akakumbuka huzuni yake akatoka.

Mara ya pili tulikwenda kwa hesabu. Mbegu tulizisia Novemba, tukahamisha miche Desemba, ili miti ipate jua la Januari na Februari, ambayo ni miezi mikavu huku, na tungule ziwe tayari kabla masika hayajashika. Maji tulitia shinani, asubuhi. Tuliongeza aina ya tano, Anna, ambayo ni chotara na hupandwa sana ndani ya nyumba za nailoni. Shoga yetu wa Nanyuki, ambako ni kukavu kuliko Nyeri lakini usiku una baridi kali, haachi kuisifu. Sisi tuliipanda nje, ikazaa wastani. Ila ijulikane kuwa mbegu ya chotara haifai kuwekwa: ukiipanda tena, watoto hawafanani na mama yao. Zile nyingine zetu zawekeka.

Ramadhani ilipoingia mapema Machi 2025, tulikuwa tukichuma. Hapo Mama akawa kadhi. Kwa masala ya biriani aliichagua Rio Grande bila ya kusita, kwa kuwa hukaangika ikawa nzito haraka na mafuta yakapanda juu. Cal J aliipa nafasi ya pili, akilalamikia ngozi yake. Money Maker aliisema kwamba yatoa maji sahani nzima, lakini tulimwona akiila mbichi kwa chumvi baada ya kufuturu, tena zaidi ya moja. Kwa mchuzi wa samaki hakutaka kusikia nyingine isipokuwa vile vitungule vyake. Ukali wake, alisema, humpunguzia mtu ukwaju. Tulitaka kumbishia, maana ni vichache na kuvimenya ni kazi ya subira. Tulipoonja tulinyamaza.

Ndege nao walikuja kwa wingi. Tulipotaka kutundika nyavu, Mama alitukumbusha mafundisho ya Mtume (s.a.w.), kwamba kinacholiwa na ndege katika alichopanda Muislamu huandikwa sadaka yake. Mmoja wetu alijibu kwamba sadaka ni njema, lakini futari nayo ina haki yake. Nyavu zikatundikwa nusu ya bustani. Jirani tulimpelekea bakuli, nalo likarudi na viazi.

Baada ya Idi Mama alirejea Kibokoni, kwa kuwa nyumba ya marehemu haikai bila mtu. Alichukua mbegu za Money Maker katika karatasi ya gazeti, iliyokunjwa mara nne. Hatukumuuliza kama atarudi. Miezi mitatu ikapita, akatupigia simu usiku. Money Maker yetu, alisema, imenyauka yote katika joto, maua yamedondoka kabla ya kushika tunda, na tusijisumbue kumtumia nyingine. Kisha akauliza kama ile pembe ya ukutani tumeipanda kitu. Tukamwambia bado.

"Basi iacheni," akasema. "Inshallah nitakuja Novemba, tusie pamoja."