Dirisha lililofichwa halijafungwa

Leo tuangalie jambo linaloonekana dogo: kuhama kutoka dirisha moja hadi jingine ndani ya programu ya VB.NET. Wengi huanza na mistari hii:

Dim f As New frmBei
f.Show()
Me.Hide()

Inafanya kazi, na ndiyo maana wengi hawairudii tena kuiangalia.

Hapa Maua biashara kubwa ni miraa. Hukatwa, hufungwa kwa majani ya migomba, na pikapu hukimbia Nairobi kwa sababu baada ya siku mbili hivi haina thamani tena. Bei haitulii. Uingereza ilipiga marufuku Juni 2014, Somalia ikazuia kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, na kila mara mifuko ya hapa iliumia. Basi mnunuzi mmoja alikuwa na programu ya kulipa wakulima, na aliyeiandika alikwisha kuhama. Karani akaniita: "Fundi, hii kompyuta imekuwa nzito, na sasa bosi anasema ninakula pesa za wazee."

Maneno mazito hayo. Ripoti ilihesabu mzigo kwa bei mpya, lakini wakulima walilipwa kwa bei ya alfajiri. Ile tofauti ilikuwa wapi?

Nikafungua msimbo. Dirisha la malipo lilisoma bei ndani ya Load, kisha likafichwa bosi alipoingia dirisha la bei. Likionyeshwa tena, Load haiiti mara ya pili. Karani alikuwa akilipa kwa bei ya zamani, bila kujua. Uzito wa kompyuta nao ulikuwa na sababu: ukifunga dirisha la mwisho kwa alama ya X huku lile la kwanza limefichwa, programu haifi. Kwenye Task Manager nilikuta nakala kibao za programu hiyo hiyo.

Nilibadilisha hivi:

Using f As New frmBei
    f.ShowDialog(Me)
End Using
SomaBei()

ShowDialog hulifanya dirisha la chini lisubiri. Bei ikifungwa, SomaBei inasoma upya. Using inahitajika kwa sababu dirisha la namna hii, hata likifungwa, bado halijaachilia kumbukumbu.

Tulikaa na bosi tukalinganisha saa ya kila malipo na saa bei ilipobadilishwa. Hesabu ikakubali. Wazee waliopunjwa wakaongezewa pesa zao, na karani bado yuko kazini.

Kuna madirisha yanayotakiwa kukaa wazi pamoja, kama orodha ya mizigo na malipo. Hapo ShowDialog haifai. Weka orodha kama kigezo cha fomu nzima, kisha:

If orodha Is Nothing OrElse orodha.IsDisposed Then orodha = New frmOrodha
orodha.Show()
orodha.Activate()

Karani akibofya mara kumi, atapata dirisha lile lile moja.